Goti Langu, Kitanda cha Mtoto na Mama Mkwe

Mtoto alipofikisha miaka miwili na nusu alianza kuruka vijiti vya kitanda chake cha uchanga kama mwizi anayeruka ua. Nikaenda Ndeeba, hapa Kampala, kwa seremala: "Nitengenezee cha futi 3 kwa 6, kiwe na kizuizi ubavuni." Nikaondoka nikijiona baba wa maana.

Kumbe sikusema 3 kwa 6 ya wapi. Godoro lenyewe ndilo lenye inchi 36 kwa 72, kwa hiyo hivyo ndivyo ndani panavyotakiwa kuwa, mfumbati hadi mfumbati, uongeze nusu inchi ya kupenyeza shuka. Fundi alipima nje kwa nje. Mbao zikala inchi mbili, godoro likaingia kwa kukanyagwa na kututumka katikati kama nundu ya ngamia. Heri hivyo kuliko lipwaye, maana mwanya unaopita vidole viwili unaweza kumeza uso wa mtoto.

Tena godoro lenyewe nilinunua la unene wa inchi 8, kwa kuwa muuzaji alilirukia kwa makalio akasema, "Ssebo (yaani bwana), hili la wakubwa." Anayelala ni mdogo! Kizuizi kilisimama inchi 11 juu ya chaga. Toa 8, zimebaki 3, na zinatakiwa zisipungue 5. La inchi 6 lingetosha, mradi ukilibonyeza kwa kiganja linyanyuke upesi.

Jumamosi, mke akiwa soko la Owino, nikapima vijiti vya kizuizi. Nafasi inchi 4. Hapo ndipo penye hatari: mtoto akiteleza miguu ikitangulia, nyonga hupita, kifua hupita, kichwa hukataa. Isizidi inchi 3 na nusu, kama sentimita 9, na kwenye kitanda cha mtoto mchanga ni sentimita 6 tu. Mwenye akili angeishia kwenye futi kamba. Mimi nilitaka ushahidi. Nikakaa juu ya godoro, nikapitisha mguu. Ukaenda. Nikasukuma, goti nalo likapita. Nikalikunja upande wa pili, nikaridhika, nikavuta. Pia ya goti ikakaa kama kabari.

Nyumbani alikuwepo mama mkwe tu, amekuja kutwa kumwona mjukuu. Mimi mtu wa Busia, wao Baganda, na kwa Baganda mkwe na mama mkwe hawagusani wala hawakaribiani. Ndiyo obuko, na anayeivunja husemekana hushikwa na mtetemeko wa mwili. Yeye kibarazani anamenya matooke, mimi chumbani na bukta.

"Mama?"

"Ssebo."

"Nimenasa."

"Wapi?"

"Kwenye kitanda cha mtoto."

Kimya. Nikasikia kisu kikiwekwa kwenye sinia.

"Goti umelikunja?"

"Nimelikunja, Mama."

"Linyooshe. Na usivute, litavimba."

Akamtuma mtoto na chupa ya mafuta ya kupikia, ikanifikia nusu, nusu nyingine ikiwa sakafuni. Nikapaka goti, nikapaka vijiti, nikarudisha polepole. Goti likang'aa kama chapati, lakini halikutoka.

"Vijiti vimepigwa misumari au skrubu?" akauliza, sasa yuko nyuma ya pazia la mlango.

"Skrubu."

Pazia likatikisika chini. Ukaingia mpini wa fagio, ukisukuma bisibisi inchi kwa inchi sakafuni. Ukaishia mbali na mkono wangu. Mtoto akaiokota, akaikagua, akaondoka nayo. Ilibidi ahongwe ndizi.

Nikafungua skrubu ya chini ya kijiti kimoja, kikasogea pembeni, goti likachomoka na kuacha vinyweleo vyake hapo.

"Umetoka?"

"Nimetoka, Mama. Webale nnyo, asante sana."

"Basi sasa toa na kavera, hiyo plastiki, kwenye godoro. Mtoto atalowa jasho, na siku ikichanika itamziba pua. Nunua mpira wa kuzuia mkojo, juu yake tandika shuka la pamba."

"Mama, umeionaje kavera na hujaingia?"

"Tangu saa nne inalia chini ya makalio yako."