Nyumbani mnalala wangapi?

Mwezi uliopita nililala kwa dada yangu Chamwino, na usiku ule sikupata usingizi. Haikuwa mbu wala joto. Ni watoto wanne wa dada, wawili kitandani na wawili kwenye godoro la chini, wanajikuna. Saa nane ya usiku, sauti ya kucha kwenye ngozi kavu inaingia kichwani na haitoki. Wa mwisho, ana miaka mitatu, alikuwa anajikuna na kulia bila kuamka.

Kulipokucha nikamshika mkono. Katikati ya vidole kulikuwa na vipele vidogo, vingine vimepasuka na kutunga usaha. Kiunoni, pale mpira wa kaptula unapobana, ngozi ilikuwa imechubuka na kuwa nyeusi.

"Tumeshaenda mara tatu, mdogo wangu," dada akaniambia, akanifungulia mfuko wa nailoni. Mlikuwa na tyubu tatu za krimu, mbili kati yake za steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe, na vidonge vya mzio. Zote alinunua kwa fedha ya karanga, na zote alipakwa mtoto mmoja. Kituo sitakitaja, maana waliomhudumia hawakuwa watu wabaya. Waliona muwasho wakaandika dawa ya muwasho. Steroidi inatuliza siku mbili tatu, mtu anajiona amepona, kumbe mdudu wa upele yumo ndani ya ngozi anaendelea kutaga mayai.

Nikawachukua wote, tukapanda daladala hadi kituo kingine ambako yuko tabibu aliyesomea ngozi Moshi. Baba huyu hakushika kalamu kwanza. Alimsogeza mtoto dirishani, akakigeuza kiganja kwenye mwanga, akatazama katikati ya vidole, kwapani, kiunoni. Kisha akamwomba dada naye anyooshe mikono. Halafu akauliza:

"Mama, nyumbani mnalala wangapi?"

"Saba, pamoja na mama mkwe."

"Basi wagonjwa wangu ni saba."

Aliwapa BBE, dawa ya upele ya kupaka, akaeleza taratibu: wote saba wapake usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, hata asiyejikuna, kwa sababu aliyeambukizwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuwashwa. Siku aliyowapangia warudie. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto. Ambavyo havifuliki vifungwe kwenye mfuko siku kadhaa. Akamuuliza dada maji anachota wapi, ndipo akampangia siku ya kufua. Sijawahi kuona daktari anayepanga matibabu kwa kuhesabu ndoo.

Nimeeleza yote haya kwa sababu tabibu yule hakuota kama uyoga. Ni matunda ya vyama vya madaktari wa ngozi vya nchi mbalimbali kukaa pamoja. Shirikisho lao la kimataifa lilianzisha mfuko wake mwaka 1987, na mwaka 1992 kituo cha mafunzo ya ngozi kikafunguliwa pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kwa kushirikiana na serikali yetu. Waliona mapema kwamba bingwa wa ngozi hatafika kila wilaya, basi wakamchukua afisa tabibu, mtu ambaye tayari yuko kijijini na tayari anaaminika, wakamfundisha ngozi kwa miaka miwili na kumrudisha alikotoka. Wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika.

Huo ndio ushirikiano ninaoutaka, na nitausema hadi sauti inikauke. Jicho lililofundishwa likae zahanati. Jicho hilohilo linalotambua upele ndilo litakaloona baka lisilo na hisia na kujua kwamba ni ukoma, kabla vidole havijapinda. Sisi wa Dodoma tunaijua Hombolo, yenye makazi ya waliougua ukoma. Hatuna haja ya kuhadithiwa kinachotokea mgonjwa wa ukoma akichelewa, wakati dawa yake inatolewa bure. Jicho hilo ndilo litakalojua kwamba fangasi iliyopakwa steroidi mwezi mzima inabadilika sura hadi haifanani na fangasi. Na ndilo litakalokumbuka kwamba upele uliochubuka huingiza bakteria wanaoweza kufika hadi kwenye figo. Watu wanasema ngozi haiui. Nenda ukamwambie hivyo mama wa mtoto aliyevimba uso kwa sababu ya figo.

Mikutano ya kimataifa nayo ina kazi yake, nakubali. Mei 2025 kule Geneva, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya duniani, na upele wenyewe uliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Bila madaktari wale kupiga kelele pamoja hilo lisingetokea. Kutuma picha kwa bingwa kwa simu kunasaidia pia, mtandao ukiwepo. Vitabu vinavyofundisha kwamba ngozi yenye ugonjwa huwa nyekundu viandikwe upya. Ya kwetu huwa nyeusi, au zambarau.

Na jua hili letu! Kwa wenzetu wenye ualbino, saa sita mchana katika stendi ya Dodoma si jambo dogo. Moshi wanatengeneza mafuta ya kuwakinga, Kilisun, yanatengenezwa na mikono ya Watanzania kwa msaada wa wataalamu wa nje. Naomba yafike Bahi na Mpwapwa kila mwezi, si siku ya maadhimisho ya ualbino peke yake, maana saratani ya ngozi haingoji tarehe 13 Juni.

Jumapili dada alinipigia. Wamelala usiku tano mfululizo. Bibi aligoma kupakwa mwanzoni, akisema uzeeni hakuna upele. Mjukuu wa miaka mitatu ndiye aliyempaka miguuni, wakacheka wote, akakubali kupakwa kote.

Niliporudi kumshukuru tabibu nikamuuliza nani atashika nafasi yake, maana anastaafu mwakani. Akamwita binti mmoja, afisa tabibu kijana wa palepale, anayebaki jioni kumwangalia akifanya kazi. Ameomba kwenda Moshi mara mbili. Nafasi ipo, wa kumlipia ada ya miaka miwili ndiye hajapatikana.