Umesoma Chuo Gani?

Swali hilo nililikuta katika chumba cha usaili Mji Mkongwe, ghorofa ya pili, feni ikizunguka juu ya vichwa vya watu watatu walioketi ng'ambo ya meza. Wa katikati alikuwa amekwisha kufungua faili langu. Akafika kwenye cheti, akasita. "Umesoma chuo gani?" Jina lilikuwa mbele ya macho yake, limechapwa kwa herufi kubwa. Nikalitaja. Akamtazama mwenziwe, kisha akalifunga faili taratibu, kama mtu anayefunga mlango usiku asije akaamsha watoto. Akaniambia ahsante, watanipigia simu. Swali la sheria sikuulizwa hata moja.

Mimi ni mtoto wa Wete. Baba alinisomesha kwa karafuu, na karafuu, kama ajuavyo kila Mpemba, mwaka huu hubeba na mwaka unaofuata hukataa. Nikasoma pale palipolipika: chuo kidogo huko Bara, ambacho hata bodaboda wa mtaa wa pili ilibidi aelekezwe. Sikitetei. Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja, na vitabu vingi vilikuwa fotokopi zilizofifia. Mhadhiri wetu wa sheria ya mikataba alikuwa akifundisha vyuo vitatu, na kwetu alikuwa akifika amechoka. Nilihitimu na daraja la pili la chini, nikarudi visiwani nikijua wapi nina mapengo. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyetaka kuyatazama hayo mapengo yenyewe, akaona lipi kubwa na lipi dogo. Jina la chuo liliwatosha.

Miezi kumi na minne nilikaa kwa shangazi yangu Fuoni, nikapeleka barua 37. Nyingine nilizipeleka kwa mkono, bahasha ya kaki kwapani, kwa sababu nilisikia barua ya mkononi husomwa. Majibu yalikuja matatu. Nafasi zilizotangazwa zilitaka uzoefu wa miaka mitatu kwa kazi ambayo kila mtu anajua ni ya anayeanza. Shangazi hakunisema hata siku moja, ila nilianza kuamka alfajiri nikapike mimi chai ya nyumba nzima, angalau nionekane nina kazi.

Ninalotaka kusema ni moja. Jina la chuo ni kipimo kibovu cha mwanasheria, na hapa Zanzibar ni kibovu zaidi kuliko pengine.

Mwanafunzi wa sheria Bara, awe kwenye chuo kikongwe chenye jina au kwenye chuo kama changu, anafundishwa Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria hiyo inatumika Tanzania Bara tu. Anafundishwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999. Nazo ni za Bara. Akivuka maji anakuta ardhi inaongozwa na sheria namba 12 ya 1992, migogoro yake ina Mahakama ya Ardhi, ajira ina sheria yake ya 2005, makosa ya jinai yana sheria yake ya 2018, na ndoa, talaka na mirathi za Waislamu zinakwenda kwa Kadhi. Hata njia ya rufaa si moja. Kesi nyingi zinaweza kupanda kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, lakini mambo ya Kadhi huishia Mahakama Kuu, na ndivyo inavyosema Katiba ya Zanzibar ya 1984 katika kifungu cha 99. Kwa hiyo kijana aliyetoka chuo kinachoheshimiwa kuliko vyote na mimi niliyetoka kusikotajwa, tukishuka bandarini Malindi siku moja tuna somo moja la kuanza upya. Wanaoajiri wanalijua hilo, maana wao wenyewe walilipitia. Lakini jina linasomeka kwa sekunde mbili, na kumpima mtu kunataka muda.

Mwaka 2022 matokeo ya shule ya uanasheria kwa vitendo kule Dar es Salaam, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili, yaliitikisa nchi nzima. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 wakaondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Nakumbuka kila barza niliyopita ilikuwa inatafuta chuo cha kulaumu. Watu 633 hawawezi kuwa wametoka chuo kimoja, na kundi lililobakiwa na 26 halikuwa la vyuo vidogo peke yake. Aliyeona matokeo yale akaendelea kupanga faili za waombaji kwa majina ya vyuo, mimi sijui anasubiri ushahidi gani mwingine.

Naomba nisieleweke vibaya. Chuo chenye jina kina faida ya kweli, nayo nimekuja kuiona baadaye: ni watu. Aliyesoma huko ana kaka zake na dada zake wa chuo katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, benki, kwenye mahoteli. Nafasi haijatangazwa, yeye amekwisha kupigiwa simu. Sisi wengine tangazo tunalisoma likiwa limebakisha siku mbili. Pengo hili ndilo la kulifanyia kazi mwanzo, kwa sababu la vitabu linazibika kwa kukesha. Hukumu nyingi za mahakama zetu siku hizi zinasomeka bure mtandaoni kupitia tovuti ya ZanzibarLII. Hakuna chuo kinachoweza kukunyima hizo.

Watu wangu mimi niliwapata kwenye benchi. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na hakuna bawabu anayekuuliza cheti. Nikawa napanda daladala asubuhi nakwenda Mwanakwerekwe, siku nyingine nafika mpaka Tunguu, nakaa nyuma na daftari. Nilijifunza mambo ambayo hayamo katika mtihani wowote: namna ya kuomba kuahirisha bila kumuudhi hakimu, kwa nini faili moja hutoka masijala haraka na jingine hulala, hati ya madai inarudishwa kwa kosa gani. Makarani wakanizoea. Mmoja, mama wa makamo, siku moja akaniuliza, "Mwanangu, wewe kesi yako ni ipi?" Nikamwambia sina kesi, natafuta kazi. Akacheka, akaniambia niondoke pale nyuma nikakae naye karibu nione anavyopokea nyaraka. Ni yeye aliyenipeleka kwa wakili mmoja aliyekuwa anahitaji mtu wa kujitolea.

Hapo kwenye kujitolea nina maneno.

Kujitolea ni jambo jema likiwa na kikomo. Nimeona vijana wamejitolea mwaka, wengine miwili, wanaandika viapo, wanapeleka wito, wanakaa mahakamani badala ya bosi, na mwisho wa mwezi hawapati hata nauli. Kazi yao inalipiwa. Mteja ametoa fedha kwa kiapo kile, na aliyekiandika kaja kwa miguu kutoka Kijangwani. Na anayeweza kuvumilia hivyo miaka miwili ni nani? Ni yule ambaye kwao kuna uwezo. Mtoto wa mkulima wa mikarafuu atavumilia miezi minne, kisha atarudi kuuza duka, na watu watasema vyuo hivi vidogo havitoi wanasheria. Mtu anayekufanyia kazi mlipe angalau nauli na chakula cha mchana. Sheria tunayoidai kwa wateja wetu ianzie ofisini kwetu.

Wakili niliyempata mimi alikuwa akinipa nauli. Hakuwa tajiri, ofisi yake ilikuwa chumba na nusu, lakini kila Ijumaa aliniita akanipa, bila mimi kumkumbusha. Sijaisahau heshima ile.

Na kwake ndipo lilipotokea lile lililonibadilishia njia. Ilikuja familia kutoka Pemba, marehemu wao kaacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na shamba la mikarafuu. Ndugu wa marehemu, yaani ami wa watoto, alikuwa anadai fungu. Shamba lenyewe lina mambo: kwetu mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja, na sehemu ya ardhi ilikuwa ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Wakili wangu alikuwa bingwa wa mikataba na madai ya kawaida, lakini mirathi ilikuwa haimjii. Kila alipojumlisha mafungu, hesabu haikufunga.

Nikamwomba karatasi. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa watoto wapo. Mama ana sudusi, moja ya sita. Katika hisa 24 mke anapata 3, mama 4, zinabaki 17. Mtoto wa kiume ana fungu la mabinti wawili, kwa hiyo watoto ni mafungu manne, na 17 haigawiki kwa nne. Zidisha yote kwa nne, mali inakuwa hisa 96: mke 12, mama 16, mtoto wa kiume 34, kila binti 17. Ami hana kitu, kwa sababu mtoto wa kiume amemzuia. Haikuchukua dakika kumi.

Wakili akaitazama ile karatasi muda mrefu. Akauliza, "Haya umeyasoma chuo gani?"

Nikamjibu ukweli. Chuoni kwa Maalim, yaani madrasa, Wete, baada ya alasiri, nikiwa na miaka kumi na tatu, tukikaa juu ya jamvi. Maalim wetu alikuwa akitufundisha faraidhi, hesabu za mirathi ya Kiislamu, kwa kokoto: anazipanga sakafuni, anamtaja maiti na warithi wake, kisha anatuambia tugawe, na aliyekosea anaanza upya bila kugombezwa. Katika wasifu wangu, katika zile barua zote 37, sikuwahi kuandika habari za chuo kile. Nilikuwa nimekwisha kukubaliana na wale wa ng'ambo ya meza kwamba chuo kinachohesabika ni kile chenye mahafali na majoho.

Wengi wetu tunafanya hivyo. Mtoto wa Makunduchi aliyekulia katika nyumba yenye kesi ya wakfu anajua mambo ambayo wakili wa mjini atayatafuta wiki nzima. Aliyefanya kazi ya mapokezi hotelini Nungwi ameiona mikataba ya wafanyakazi kwa macho yake, na anajua kipi kimeandikwa na kipi kinatendeka. Aliyelelewa na babu sheha, kiongozi wa mtaa, ameona tangu utotoni mgogoro wa mpaka unavyoanza kwa maneno mawili na unavyoweza kumalizwa kabla haujafika mahakamani. Yaandikeni hayo. Yaandikeni juu kabisa, kabla ya jina la chuo.

Baada ya ile mirathi kazi haikunijaa mikononi kama mvua, lakini ilianza kudondoka. Familia ile ilimwambia jirani, jirani akamwambia mtu wa Konde. Wanawake hasa walikuwa wakinitafuta, maana kuna mambo ya talaka na matunzo ya watoto ambayo hawawezi kumsimulia mwanamume hata awe wakili wa kumi. Nikagundua kuwa Pemba kuna haja kubwa ya mtu wa sheria anayekaa huko, asiyekuja na boti ya asubuhi akatazama saa ya kurudi. Mjini sote tulikuwa tunagombania milango ile ile michache. Nikarudi nyumbani.

Sasa nina leseni yangu na ofisi ndogo Chake Chake, na barua zinaletwa kwangu. Mwanzoni nilijikuta, nasema kwa masikitiko, jicho langu linakwenda moja kwa moja kwenye jina la chuo. Tabia ile ilikuwa imenipata na mimi. Siku hizi namwambia katibu wangu alizibe kwa kipande cha karatasi kabla hajaniletea. Anayekuja nampa kalamu na swali: marehemu, warithi, shamba, na ami anayedai. Nampa saa moja, na sheria afungue anayoitaka. Nataka kuona anavyofikiri, na anavyoandika barua ambayo mjane ataielewa akisomewa.

Wiki iliyopita alikuja kijana mwembamba wa Micheweni, shati limepigwa pasi vizuri, bahasha ya kaki kwapani. Hesabu alikosea mwishoni, hakuzidisha kwa nne. Lakini ami alimtoa tangu mstari wa kwanza na akaeleza kwa nini, na barua yake kwa mjane ilianza kwa salamu na pole ya msiba. Alipomaliza akasimama, akasema, "Dada, chuo nilichosoma sidhani kama unakijua." Nikamwambia aje Jumatatu saa mbili, na nauli yake ya wiki ataikuta kwa katibu.