Ukuta Uliolowa Usifunikwe kwa Saruji

Masika ya mwaka juzi maji yalipenya kwenye paa la jengo tulilopanga katika Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale hapa Lamu, yakateremka ndani ya ukuta usiku kucha, na asubuhi tukakuta kabati la mitambo ya intaneti limelowa chepechepe. Mkandarasi aliyeletwa alimaliza kazi kwa siku mbili: alibandua lipu iliyolegea, akapiga saruji, akapaka rangi ya mafuta, nasi tukaridhika. Baada ya miezi mitatu rangi ilivimba malengelenge, na nilipoligusa moja kwa kidole lilimwaga chumvi nyeupe, laini kama unga, juu ya swichi mpya ya mtandao ambayo matundu yake ya nyaya yalikwisha kuota kutu ya kijani.

Ukarabati ule ulikuwa kosa, na naona ukirudiwa mtaa kwa mtaa. Kuta za mji huu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, vitu ambavyo hunywa maji na kuyatoa polepole hewani. Saruji huyazuia. Maji yakizibiwa huku hutokea kule, yakibeba chumvi ya mawe, na yakifika kwenye vichwa vya boriti za mkoko vilivyozama ukutani huviozesha, dari ikakosa pa kuegemea.

Kwa maoni yangu, mashine zihamishwe na ukuta usubiriwe. Kifaa kilicholowa kisiwashwe hata kwa kujaribu, kwa sababu umeme ukikutana na maji ya chumvi huila shaba haraka. Kichomolewe, betri itolewe, bodi isafishwe kwa maji yasiyo na chumvi, kisha kwa spiriti. Saruji ibanduliwe, na chumvi ifagiliwe ingali kavu, kwani ukiiosha inarudi ndani.

Mzee mmoja, fundi wa chokaa, aliweka kiganja ukutani, akanyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Mwanangu, haujakauka huu. Uwate kwanza," yaani niuache. Mwenye nyumba alihesabu kodi iliyokuwa ikimpotea, na uchungu wake naukubali, lakini tuliungoja mpaka kaskazi. Lipu ya chokaa ilipigwa Januari, na mitambo sasa imefungwa juu ya ubao uliotengwa na ukuta kwa upana wa kiganja, nyaya zote zikipita nje.