Kulinda nafsi sio kujiokoa, tunawaonea wanaojilinda

Jumapili iliyopita hapa Mwanga, Kigoma, vijana walibaki baada ya ibada wakabishana sana kuhusu Mithali 4:23, "Linda sana moyo wako kuliko yote uyalindayo". Wengi walisema mahubiri ya kujilinda yamegeuka sheria tupu, usivae hivi, usiende pale, wakati wokovu ni neema. Wachache waliotetea kujilinda wakaishiwa pozi maana kila wakifungua mdomo wanaambiwa nyie mnataka kujiokoa wenyewe.

Hawa wa neema wana hoja. Waefeso 2 imeshasema tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, na kwa Wakolosai Paulo anazikataa kabisa zile amri za "Msishike, msionje, msiguse", anasema kwa nje zina sura ya hekima ila tamaa za mwili hazizizuii. Kweli tupu. Kijana aliyezuiwa kila kitu nyumbani bila kuelezwa sababu, akifika chuo muhula wa kwanza tu unamsikia kabadilika.

Lakini mi nauliza, nani analinda kitu ambacho hana? Anayejilinda hanunui wokovu, amepewa tayari, ndo maana anaogopa kuuchezea. Na ni Paulo huyo huyo wa neema anayeuliza Warumi 6, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akajibu hasha.

Sisi watu wa ziwa, hili jambo tungepaswa kulielewa haraka kuliko wengine. 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti samaki wazaliane, ilikuwa miezi migumu lakini sikusikia mtu akisema aliyelifunga anachukia samaki. Na kokoro, ule wavu wa kukokota, linapigwa vita kwa sababu gani? Linakomba pale pale kwenye maji mafupi, wanakokulia watoto wa samaki. Siku linapovutwa huoni hasara, unaona umepata kitoweo, hasara inakuja baadae wavuvi wanakesha na taa usiku kucha wanarudi na mtumbwi mwepesi. Nafsi nayo inaharibikia hapo hapo kwenye maji mafupi, kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna mtu atakusimamisha kanisani kwa ajili yake.

Chukua muuza dagaa. Dagaa wa chanja ni safi, wa kuanikwa chini wana mchanga, na mchanga una uzito. Siku ya kwanza anauza na mchanga wake bila kupepeta, moyo unamgonga, usiku anageuka geuka kitandani. Mara ya pili unagonga kidogo. Ikifika mara ya kumi moyo umenyamaza kabisa, na Jumapili yupo kwaya anaimba vizuri tu na machozi yanamtoka. Hiki ndo kitu kinachonisumbua kuliko vyote, sio ule mchanga, ni ule ukimya. Biblia inasema kuna watu dhamiri zao zimechomwa moto, na mahali palipoungua hata ukipagusa mtu hasikii, sasa huyo neema utamhubiria vipi wakati haoni alipokosea?

Walokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 walilijua hili. Mtu akiokoka anarudisha alichoiba, anamfuata aliyemkosea mpaka nyumbani kwake anatubu macho kwa macho. Hakuna aliyewaambia watapata mbingu kwa kurudisha jembe la jirani, walirudisha kwa sababu moyo ulikuwa umeamka na hawakutaka ulale tena.

Kosa la wenzangu wa kujilinda ni moja na ni kubwa, mlinzi tumemweka mlango usio wenyewe. Tumemsimamisha kwenye sketi za mabinti huku kwenye ndoo na mizani hakuna mtu. Yesu kwenye Marko 7 alipotaja yanayotoka moyoni yakamtia mtu unajisi alitaja wivi (yaani wizi), hila, kijicho, kiburi, urefu wa nguo hakuutaja. Mabinti wanaliona hilo, na ndo maana wengi wao walikuwa upande wa neema Jumapili ile, siwalaumu.

Jumapili ijayo zamu ya kufundisha vijana ni yangu, nimeshaamua naanza na mizani.