Ratiba na chaja zipangwe kwenye meza moja

Jambo linalonisumbua katika mipango ya mabasi ya umeme ni mpangilio wa hatua zenyewe: mabasi hununuliwa kwanza, chaja huwekwa popote palipo na kiwanja kitupu, kisha mwandaaji wa ratiba huitwa mwisho na kutakiwa apange safari kana kwamba betri ni tangi la dizeli. Betri ya kilowati-saa 300, kwenye basi linalotumia kilowati-saa 1.2 kwa kilomita, huishia kilomita 250 kwa hesabu ya karatasi. Ukiondoa akiba ya lazima, kiyoyozi na milima, zinabaki pungufu ya 200.

Tuchukue njia ambayo mzunguko wake mmoja ni kilomita 30. Kila mzunguko unakula kilowati-saa 36, na chaja ya kilowati 300 kwenye kituo cha mwisho inarudisha 50 kwa dakika kumi, hivyo ratiba inaonekana salama. Sasa foleni ya barabarani imemchelewesha dereva dakika saba. Amebakiwa na dakika tatu, yaani kilowati-saa 15 tu, na abiria wameshapanga mstari mlangoni. Akiondoka kwa wakati, anaanza kulimbikiza deni la umeme litakalomkuta jioni; akisubiri, basi linalomfuata linakuta chaja imekaliwa, na ucheleweshaji wa mtu mmoja unakuwa wa njia nzima. Tena dakika hizo kumi ndizo alizozitegemea kwenda msalani na kunyoosha mgongo. Ratiba imezihesabu mara tatu: za kuchaji, za kufidia foleni, na za kumpumzisha dereva. Hilo si haki, na wala halitekelezeki.

Kwa hiyo nashikilia kwamba muda wa kuchaji utengwe peke yake, hata kama utalazimu kuongeza basi moja au mawili kwenye njia, na chaja za mchana ziwekwe pale njia kadhaa zinapokutana. Kiwanja cha bei nafuu kilichoko kilomita sita nje ya njia kina gharama yake: kila kuchaji ni kilomita 12 za basi tupu, pamoja na mshahara wa dereva asiyebeba abiria.

Usiku kwenye depo hesabu ni nyepesi zaidi. Mabasi 60 yakichomekwa kwa pamoja kwenye chaja za kilowati 100 yanadai megawati 6. Yakipokezana kwa saa sita, kila moja likipata kilowati-saa 250, megawati 2.5 zinatosha, na transfoma inakuwa ndogo zaidi. Shenzhen, jiji la kusini mwa China lililokamilisha kubadili mabasi yake zaidi ya 16,000 kuwa ya umeme mwishoni mwa 2017, liliegemea sana kuchaji usiku.

Kabla mkataba wa ununuzi haujasainiwa, ningependa mwandaaji wa ratiba apewe siku mbaya kuliko zote, yenye joto kali, foleni ndefu na chaja moja iliyokufa, aonyeshe basi kwa basi ni lipi litakalorudi depo kwa nguvu zake lenyewe.