Mzee, Tukutengenezee Nyingine?

Ukizaa mtoto akasoma mpaka akavuka bahari, usidhani umemaliza kutumwa. Huyu wangu wa Kanada kaamka na wazo kwamba safari zangu zote ziingizwe kwenye daftari la kumbukumbu, lile la kwenye kompyuta, lisiloliwa na mchwa. "Baba, kazi yako ni kuskani tu hizo karatasi, mengine niachie mimi." Kuskani tu! Fundi bomba naye aliniambia "ni kukaza tu", na mpaka leo ukuta wa jikoni unatazamana na jirani.

Basi nikaitoa bahasha yangu ya kaki. Mimi ni mtu wa kutunza karatasi na sioni haya kusema. Hapa Uganda ukitupa karatasi leo, kesho ofisi ileile iliyokupa inakuuliza iko wapi. Humo mna tiketi za basi za Nairobi na za Dar, vibali vya mipakani Malaba na Mutukula vyenye mihuri iliyopigwa kwa hasira, na tiketi ya meli ya MV Kalangala ya siku ile ziwa lilipochafuka, mama watoto akaanza kuungama mambo ambayo sikuwa nimemuuliza. Mna kadi ya homa ya manjano. Zamani ilikuwa miaka 10 ikipita, unarudi kuchomwa. Nami nikarudi, raia mwema. Ilipofika 2016 wakubwa wa afya duniani wakatangaza kwamba sindano moja inatosha maisha yote. Bega langu nimdai nani?

Mna pia cheti cha kuvuka ikweta pale Kayabwe, njia ya Masaka. Wale vijana wa mabeseni mnawajua. Beseni la kaskazini maji yanazunguka huku, la kusini yanazunguka kule, la katikati yanashuka wima kwa adabu. Mama watoto alipiga makofi. Mimi nilikuwa namtazama mmwagaji mkono, na maji yalikuwa yanazungukia kulekule alikoyaelekeza. Mzunguko wa dunia unapinda vimbunga vya baharini, hauna habari na beseni la plastiki. Nikanyamaza, kwa kuwa cheti kilishalipiwa, na jina langu walishalikosea.

Nikapanda boda. Ya boda nayaacha, nyote mna magoti.

Duka lenyewe liko Kampala, mitaa ya Nasser Road, na silitaji kwa sababu bado lina karatasi zangu. Pale mtaani wanachapa kila kitu, kalenda za viongozi wa dunia nzima, kadi za harusi, risiti, mihuri, na vingine ambavyo mtu wa umri wangu hageuzi shingo kuvitazama. Nikafika mbele ya kijana wa mashine.

"Mzee karibu. Skani?"

"Skani. Nataka 600," nikasema kwa sauti ya mtu mwenye maelekezo kutoka Kanada.

Akanitazama kwa huruma. "Mzee wangu, sisi twachaji 500. Lakini ukitaka kulipa 600 sitakukatalia."

Nikamfafanulia kwamba hiyo si bei, ni nukta, nukta zinazoingia katika inchi moja. Barua za kawaida 300 inazitosha, vikaratasi vidogo kama tiketi ndivyo vinataka 600 ili ukivikuza visifanye ukungu. Nyuma yangu foleni ikaguna. Mama mmoja aliyeshika barua ya LC, yaani ya mwenyekiti wa mtaa, akauliza kama hizo nukta nazo zimeshawekewa kodi.

Kijana akaanza kazi. Cha kwanza, akaichukua tiketi ya reli ya marehemu baba, ile ndogo ya kadibodi ngumu ya Reli ya Afrika Mashariki, ya kabla Jumuiya haijavunjika 1977, unaisoma bila miwani mpaka leo, akataka kuitia kwenye mdomo wa juu wa mashine, ule unaovuta karatasi wenyewe. Nikamdaka mkono. Akacheka. "Mzee, usiogope, kukwama inakwama mara mojamoja."

Kisha akafika kwenye risiti ya Entebbe.

Hii niieleze. Tangu Januari 2022 ile barabara ya haraka ya Entebbe inalipiwa, gari dogo 5,000. Siku binti anaondoka tulikwenda na Noah ya shemeji, na shemeji akaniambia gari ni lake lakini barabara ni yangu. Nikalipa, nikapewa kile kirisiti laini, nikakifinyanga mkononi njia nzima mpaka uwanja wa ndege. Ndiyo safari yangu ya ndege niliyoikaribia zaidi.

"Hii imejikunja, ssebo," kijana akasema. "Tuipige lamineshen kwanza inyooke."

Sikuwahi kufungua mdomo. Mashine ilikuwa imeshapata moto kwa ajili ya vitambulisho vya shule. Kirisiti kikaingia cheupe chenye maandishi yaliyofifia, kikatokea upande wa pili cheusi tii, kinang'aa, kimefungwa nailoni pande zote nne, hata ukikitumbukiza ziwani hakidhuriki tena.

"Umeiunguza!"

"Haijaungua, mzee. Imekolea."

Risiti zile hazina wino hata tone. Ni karatasi iliyopakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine inaichoma herufi kwa herufi. Ukiianika juani inafifia, ukiihifadhi kwenye nailoni za albamu inafifia, na ukiipitisha kwenye lamineshen, ambayo kazi yake yote ni joto, dawa yote inaitika kwa pamoja. Haya nilimweleza kijana kwa utulivu wa mwalimu mstaafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kiti kwenye kompyuta.

"Mzee, tukutengenezee nyingine? Dakika tano. Ilikuwa tarehe ngapi?"

Kabla sijajibu, foleni ilishajibu. Mmoja akasema iwekwe Jumapili, Jumapili barabara inapendeza. Mwingine akashauri iandikwe lori, mzee aonekane alikuwa na mzigo. Mama wa barua ya LC akasema kama ni ya bure waweke na yake, naye hajawahi kuipita barabara hiyo.

"Mzee," kijana akapunguza sauti, "Dubai umewahi kufika?"

"Sijawahi."

"Wataka?"

Mbele ya macho yangu ikaanza kuchipua karatasi ya kupandia ndege, jina langu juu, limekosewa vilevile kama Kayabwe, nadhani kuna mahali wanalichukua. Siti ya dirishani. "Na mama watoto je, unamwacha Entebbe?" mama wa LC akang'aka, na kusema kweli swali lilikuwa la haki. Akawekwa pembeni yangu. Hapo ukazuka mzozo nani akae dirishani. Jamaa mmoja aliyefanya kazi Dubai akaingilia kwamba dirisha si hoja, hoja ni mwezi, tusiende Julai, joto la kule halina masihara. Tukasogezwa Desemba. Mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikajisikia nauliza kama chakula kimo kwenye nauli.

Halafu nikaitazama tena ile nyeusi pale mezani, uvumilivu ukaniishia.

"Sitaki safari! Safari nilishasafiri mwenyewe! Malaba nimelala juu ya gunia la vitunguu, Mutukula nimenyeshewa nikisubiri muhuri wa mtu aliyekwenda kula! Nataka karatasi yangu, ileile niliyoishika mtoto anaingia mlango ambao sisi wa kusindikiza haturuhusiwi. Ileile!"

Duka zima kimya. Kijana akakuna kichwa. "Sasa mzee, unataka orijino. Orijino hapa hatufanyi, ni kazi ngumu sana."

Umeme ukakatika. Dubai ikaondoka nao.

Jenereta ilipopatiwa mafuta, mafuta ambayo foleni ilichangia, mambo yakaenda harakaharaka. Kila tiketi ikaskaniwa kwenye ukurasa mzima wa A4, kitu chenyewe kimejikunyata pembeni, kwingine kote weupe mtupu. Ile 600 niliyoipigania nikaituma kwa WhatsApp kama picha, nayo WhatsApp ikaikamua mpaka binti akauliza kama nimezipiga picha nikiwa kwenye matatu. Ukiituma kama faili haikamuliwi, lakini hilo kijana alinieleza nilipokuwa nimeshalipa bando, na bando lina kodi yake ya asilimia 12, hatujasahau ilichukua nafasi ya ile kodi ya mitandao ya kijamii.

"Baba, na hii nyeusi ni nini?"

Nikamwambia ni Entebbe, usiku.

Daftari kalimaliza, anasema limependeza na watu wanalisifu. Kaliweka Facebook. Facebook, jamani, iliyofungwa kwetu tangu Januari 2021! Ndugu zangu wa Mombasa wameshaziona safari zangu, watu wa Toronto wasionijua wananipa pole ya vitunguu, mwenye safari hazioni. Mpwa wangu akaniwekea VPN, kijiprogramu cha kukwepa kufuli hilo. Simu sasa inaamini niko Uholanzi, inaniletea matangazo ya baiskeli na jibini kwa lugha ya hukohuko, na mama watoto kila akinipitia anauliza baridi ya Ulaya inasemaje na kama naweza kuazima baiskeli ya majirani wa Uholanzi nikaenda nayo kuteka maji. Ukurasa wa kwanza ulipoanza kufunguka, kipande cha cheti cha Kayabwe kikichungulia, bando likaisha. Na mwenye kibanda cha bando kafunga, kaenda mazishini Masaka, kaacha karatasi mlangoni kwamba atarudi Jumanne. Jumanne ipi, hakuandika.