Namba yangu si dhamana ya deni la mtu

Jumatano asubuhi niko kituoni nasubiri daladala, WhatsApp ikaingia kutoka namba nisiyoijua. Picha ya mama ninayenunua samaki kwake, jina lake kamili, kiasi anachodaiwa, na neno TAPELI kwa herufi kubwa. Chini yake: "Umewekwa kama mdhamini. Mwambie alipe leo."

Sijamdhamini mtu. Namba yangu anayo kwa sababu hunipigia samaki aina ya changu wakiingia. Basi.

Jioni nikapita mezani kwake. Siku zote huniita tangu mbali, safari hii alikuwa anaparua magamba kichwa chini, anamrudia samaki yule yule mpaka ngozi ikachanika. Nikamwambia, "Dada, pole." Akajibu bila kuinua macho, "Kumbe na wewe wamekutumia."

Ni watu wa programu ya mikopo ya simu aliyokopa. Ujumbe ule walimtumia kila mtu. Mwalimu wa mwanawe, wakwe zake, wenzake wa kikoba. Na tajiri wake wa soko la samaki la Feri, ambaye zamani alimpa mzigo akauze kwanza ndipo alipe. Sasa anataka hela taslimu mkononi. Wamemnyang'anya mtaji ambao ndio ungelipa deni lao wenyewe! Alikopa 80,000, zikaingia 56,000, na baada ya siku saba akatakiwa kurudisha zote 80,000.

Ndiyo, dawa ya deni ni kulipa. Na ndiyo, aliibonyeza mwenyewe ile "ruhusu" ya programu kusoma majina ya kwenye simu yake. Lakini mtoto ana homa, maandishi ni ya Kiingereza, na bila kubonyeza hela haiji. Hapo mtu hajaridhia, amebanwa.

Halafu hata angeridhia kwa moyo wote, majina yaliyomo kwenye simu yake si mali yake peke yake. Mimi nilimpa namba kwa ajili ya samaki. Mwalimu alimpa kwa ajili ya mtoto. Kila namba pale imewekwa kwa uaminifu fulani, na hakuna aliyetuuliza sisi. Kibonyezo kimoja kimetutoa wote, tukageuzwa fimbo ya kumchapia mwenzetu. Hili ndilo linaloniuma kuliko maneno yote yanayosemwa kuhusu faragha. Tunaambiwa tulinde nywila zetu, kana kwamba siri ya mtu inakaa kwenye simu yake tu. Yangu inakaa pia kwenye simu ya muuza samaki, fundi cherehani na shangazi yangu kijijini.

Tanzania sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Google nao, tangu Mei 2023, hawaruhusu programu za mikopo dukani kwao zisome majina ya kwenye simu. Kwa hiyo nyingine sasa zinapitishwa kwa linki za WhatsApp, nje ya duka, na mtu anazipakua mwenyewe. Mwaka 2018 sisi wenye blogu tulitakiwa kuwa na leseni, gharama zake zikizidi milioni mbili, na wengi walifunga. Nguvu ile ile naitaka kwa hawa, kwa sababu wanaumiza watu kweli.

Mikono yake ilikuwa na maji, kwa hiyo nilibonyeza mimi: mipangilio, ruhusa, anwani. Hata programu ya tochi ilikuwa imeruhusiwa kusoma majina. Tochi! Tukazima zote, ingawa orodha iliyokwisha kuchukuliwa hairudi.

Malalamiko kwa Tume tumeyaandika mawili, lake na langu. Langu linasema tu kwamba sikukopa, sikudhamini, na namba yangu wanayo. Kabla sijaondoka akaniuliza kama nataka aifute kwenye simu yake. Nikamwambia aiache, changu wakiingia anipigie.